Kukusanya vitu vya sinema na maigizo ya zamani ukiwa Mbeya au Iringa: mwongozo kamili

Mwaka jana mwezi wa tatu pale Sokomatola, Mbeya, nilinunua maandazi manne kwa mama mmoja, nikayafungua nikiwa natembea, kwenye karatasi nikaona herufi nyekundu SAA 12 JIONI NA SAA 3 USIKU, na chini yake nusu ya uso wa stelingi wa picha la Kihindi, mafuta yameshaanza kupita kwenye shavu. Nikarudi mbio. Mama akanionyesha gunia, limebaki kama robo hivi, akasema ni makaratasi ya mkwe wake na amekuwa akifungia maandazi tangu Januari. Nikatoka pale na vipeperushi kumi na moja vya sinema. Vile vilivyokwisha kuondoka na wateja mpaka leo vinaniuma.

Watu wengi wanadhani mambo haya ni ya Dar au Ulaya. Vitu viko hukuhuku kwetu, na kila siku vinapungua, vingine vinafungia maandazi, vingine vinauzwa chuma chakavu kwa kilo, vingine vinawashia mkaa. Kumbuka TV huku Bara imeanza 1994. Kabla ya hapo kulikuwa na ukumbi wa sinema mjini, gari la sinema linakuja kijijini na projekta na shuka jeupe, alafu video miaka ya 80, na pembeni yake maigizo ya shuleni na michezo ya redio. Vyote hivyo viliacha tiketi, mabango, makopo, vitabu, picha. Na wenye navyo wengi sasa wana miaka sabini na kuendelea.

Jambo moja nalirudia kwa kila anayeniuliza: unachokusanya sio karatasi, ni karatasi pamoja na maelezo yake. Kipeperushi bila kujua kilitoka kwa nani na kilikuwa cha ukumbi gani ni karatasi nzuri tu. Vile kumi na moja vya Sokomatola vimekuwa na thamani siku nilipokaa na yule bibi, mkwe wa mama wa maandazi, akaniambia marehemu mumewe alikuwa akikata tiketi mlangoni, na kila Ijumaa anarudi na vipeperushi vilivyobaki vya wiki ile. Hatua zote hapa chini zinalinda hilo.

Hatua ya 1: Chagua kona yako

Ukikusanya kila kitu utajaza nyumba na mwisho utagombana na wa nyumbani. Chagua kona moja au mbili. Kuna vitu vya ukumbini, yaani tiketi, vipeperushi, mabango na zile picha za kubandika kwenye vioo vya mlangoni. Kuna mikanda yenyewe ya filamu, hiyo ina mambo yake ntaieleza mbele. Kuna Bongo muvi za mwanzo, kanda za VHS na VCD za enzi za kundi la maigizo la Kaole na za mwigizaji Kanumba na wenzake, ambazo watu wanazitupa sasa hivi tunavyoongea kwasababu hawana deki tena, na kampuni ya mwisho iliyokuwa inatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Zile kanda za picha za nje alizotafsiri Lufufu kwa Kiswahili, ukikuta hata moja yenye kava lake usiiache.

Alafu kuna maigizo, na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri maana hamna ushindani kabisa. Vitabu vya tamthilia vya zamani bado vinauzwa bei ya kitabu cha mtumba. Chukua mfano wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Shakespeare. Toleo la kwanza la 1963 jina lake limeandikwa Julius Caezar, lile lililorekebishwa la 1969 ndio Juliasi Kaizari ambalo wengi tumelisoma, na mwaka huohuo 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Muuzaji anayaona yote vitabu vichakavu vya shule. Wewe ukiona Caezar yenye c na z jua umeshika lile la kwanza.

Na usidharau kitabu kilichochorwachorwa. Nina nakala ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nilipewa na mwalimu mstaafu Mafinga, kava limeshikiliwa na uzi mweusi wa kushonea viatu. Ukurasa wa wahusika, pembeni ya kila jina kuna penseli: Kitunda kaandikiwa jina la mwanafunzi, Bi Kitunda kaandikiwa jina likakatwa likaandikwa lingine, Mkichi kaandikiwa "sauti juu!". Ndani kuna mishale ya nani aingie upande gani. Yaani ukikisoma unaiona kabisa bwalo la shule limejaa na mwalimu amesimama nyuma. Kitabu kisafi cha toleo lile ntakipata siku moja, hiki hakina mwenzake popote. Shule za zamani za ukanda huu zipo nyingi, Malangali, Rungwe, Loleza, Sangu, Mkwawa ya kabla haijawa chuo, na walimu wao wastaafu tunaishi nao mtaani, kwahiyo kona hii ipo mlangoni kwako.

Hatua ya 2: Nenda kwa watu kabla ya kwenda sokoni

Sokoni utaenda, Mbeya ni Mwanjelwa na Sido kwenye vitabu vya mtumba na kwa mafundi redio, Iringa zunguka Miyomboni na Mshindo, pita kwa wanunuzi wa chuma chakavu uwaambie makopo bapa ya duara wakupigie simu kabla ya kuyaponda. Ila vitu vya maana vinatoka majumbani. Tafuta aliyekuwa fundi wa projekta, mkata tiketi, dereva wa gari la sinema, mchora mabango, mpiga picha wa studio, mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa anasimamia maigizo, mwenye kibanda cha video. Uliza wazee wa Uhindini, Mbeya na Iringa pia, kumbi nyingi za nchi hii ziliendeshwa na familia za Kihindi na wengine bado wana maduka palepale.

Namna ya kuingia ni muhimu kuliko hela. Siku ya kwanza usinunue kitu, usiulize bei, usitoe simu kupiga picha. Shikamoo mzee, kaa, kunywa chai. Ukiwa Tukuyu sema ugonile, Iringa kamwene, hata kama hujui neno lingine baada ya hapo. Mwambie umekuja kumsikiliza, kisha umsikilize kweli. Mi nilienda mara nne kwa mzee mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anaendesha projekta, mara ya nne ndio akamwita mjukuu wake, "nenda chini ya kitanda cha bibi yako leta lile sanduku la bati." Ningeuliza siku ya kwanza angesema hana kitu, na asingekuwa amedanganya maana kwake vile havikuwa vitu vya kuuza.

Akikubali kuachia, mweleze ukweli wa thamani unayoijua. Ukijua kitu kina thamani ya laki mbili na mjane anakwambia nipe elfu tano, usichukue kwa elfu tano. Mji wetu mdogo, habari itafika, na mbali na habari kufika ni haki yake. Kama huna hela ya kutosha omba kupiga picha na kurekodi maelezo, kitu kibaki kwake.

Hatua ya 3: Daftari na sauti

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika. Kitu ni nini, vipimo kwa sentimita, kimetoka kwa nani na wapi, yeye alikipataje, kilitumika ukumbi gani au shule gani, mwaka anaokumbuka, na kilikuwa na hali gani ulipokipokea. Kitu kipe namba, mfano MB-014, namba hiyo iandike kwa penseli laini nyuma kwenye kona, usitumie kalamu ya wino wala stika. Mzee akikubali rekodi sauti yake kwa simu na faili ulipe namba ileile ya kitu. Kumbukumbu za miaka zinateleza, kwahiyo usimwulize "ilikuwa mwaka gani", muulize ulikuwa umeoa? reli ya TAZARA ilikuwa imeanza? Reli ilikamilika 1975 na kukabidhiwa 1976, basi hapo unapata pa kushikia.

Kwa kununua andikeni karatasi ya mauziano, majina, tarehe, kitu, bei, sahihi mbili na shahidi mmoja wa familia. Hii imeniokoa. Kuna mtoto wa marehemu alikuja kudai mabango miaka miwili baadaye, nikamwonyesha sahihi ya mama yake na ya kaka yake mkubwa, tukanywa soda yakaisha. Na kopo la filamu likiwa na lebo ya idara ya serikali au ya Tanzania Film Company, ile kampuni ya umma ya 1968, usikimbilie kununua, uliza kwanza limefikaje pale, mali ya umma haiwi ya mtu kwasababu imekaa kwenye banda lake.

Hatua ya 4: Kujua la kweli na la kuchapwa juzi

Mabango ya kuchapwa upya yamejaa, hasa ya Bruce Lee, na ya Sholay ya 1975. Anza na futi kamba. Bango kubwa la kawaida la Kimarekani la zamani ni inchi 27 kwa 41, sawa na sentimita 69 kwa 104 hivi, la Kiingereza la kulala ni inchi 30 kwa 40, picha za mlangoni za Kimarekani ni 11 kwa 14 na seti yake kwa kawaida ni nane. Ukipima ukapata sentimita 59.4 kwa 84.1 au 42 kwa 59.4 hizo ni A1 na A2, vipimo vya stationari, shtuka. Mfano mzuri ni Hatari!, picha la 1962 lililopigwa Tanganyika upande wa Arusha na John Wayne ndio stelingi, bango lake kila Mtanzania anayekusanya analitaka, na ndio maana linaigwa sana.

Kingine, mabango ya Kimarekani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 yalikuwa yanasafirishwa yamekunjwa, kwahiyo bango la 1962 lisilo na mkunjo hata mmoja lazima ulitilie shaka. Sasa wajanja wanapiga picha bango la kweli na mikunjo yake wanachapa. Fumba macho pitisha kidole taratibu. Mkunjo unaoonekana kwa jicho lakini kidole hakiukuti ni mkunjo wa kuchapwa. Hii mbinu haina gharama na ndio imenisaidia kuliko zote.

Angalia pia kona ya chini kulia, mabango mengi ya Kimarekani ya kuanzia 1940 mpaka miaka ya 80 yana namba ya msambazaji, mwaka kwanza kisha mkwaju, mfano 62/ na tarakimu zingine. Ikitanguliwa na R maana yake picha lilirudishwa tena kumbini, sio mara ya kwanza. Bado ni la zamani ila bei yake iko chini. Alafu azima lensi ya fundi saa uangalie maandishi madogo ya majina ya waigizaji, kwenye la kweli herufi zimekatika safi, kwenye la kuigwa zimevimba na kujaa vidoti.

Vya kwetu havina namba hizo, kwahiyo soma maneno. Kikiwa na jina Tanganyika kama nchi ni cha kabla ya mwishoni mwa 1964. Kikisema Southern Highlands Province ni cha enzi za mkoloni au mara tu baada ya uhuru, kabla majimbo hayajawa mikoa. Kikitaja Mkoa wa Njombe ni 2012 kuja huku, Mkoa wa Songwe ni 2016 kuja huku, hata kama karatasi imepakwa chai ionekane kuukuu.

Hatua ya 5: Mikanda ya filamu, hapa kuwa makini sana

Filamu za zamani za milimita 35, zile za ukumbini za kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 50, zinaweza kuwa za naitreti, aina ya plastiki ya zamani. Naitreti inashika moto haraka na ukishawaka haizimiki hata kwa kuizamisha kwenye maji, maana inajitengenezea oksijeni yenyewe. Usijaribu kuchoma kipande kupima. Vuta futi moja ya mwanzo, ielekeze kwenye mwanga wa dirishani, soma ukingoni mwa mkanda, ukikuta SAFETY vuta pumzi. Ukikuta NITRATE, au hukuti kitu na mkanda umekuwa wa kahawia na unanata, utoe nje ya nyumba, weka kivulini sehemu yenye upepo mbali na jiko, na uwasiliane na watu wa makumbusho au nyaraka wakuelekeze. Usiutume kwenye basi.

Milimita 16, ambayo ndio magari ya sinema yalikuwa yanatumia vijijini, haina wasiwasi huo kwasababu tangu Kodak walipoitoa 1923 waliitoa kwenye filamu salama. Yenyewe ugonjwa wake ni siki. Lile sanduku la Tukuyu lilikuwa na makopo sita, nilipofungua la tatu harufu ikapanda kama achari iliyokaa, macho yakachoza. Mkanda ulikuwa umejikunja kama ganda la ndizi lililokauka, mzee akaushika kwa vidole viwili akasema "huu ulikuwa wa malaria." Hiyo ni asetati, plastiki ya hizo filamu salama, inajila, na mvuke wake unaambukiza mikanda mingine, kwahiyo kopo linalonuka litenge chumba kingine siku hiyohiyo, lisifungwe kabisa lipumue. Joto na unyevu vinaharakisha, baridi inachelewesha, na hapo Mbeya, Njombe na Makete tumebarikiwa kuliko mwenzetu wa Dar.

Usipitishe mkanda wa zamani kwenye projekta kuona kama unafanya kazi. Matundu yakichanika hayarudi. Kanda ya VHS yenye ukungu mweupe ndani nayo usiitumbukize kwenye deki, itachafua kichwa na kuhamia kanda nyingine. Zisizo na ukungu zihamishie kwenye flashi mapema, uzisimamishe kama vitabu, mbali na spika.

Hatua ya 6: Kutunza

Kubwa kuliko yote, usirekebishe. Seloteipu hapana, inageuka njano na gundi inaingia kwenye karatasi. Lamineshen hapana, na hili nalisema kwa uchungu maana mwaka wangu wa kwanza nilipeleka programu ya mchezo wa shule ya miaka ya 70 stationari ikalaminetiwe, mashine ikaivuta vibaya ikajikunja katikati, wino wa sahihi za waigizaji ukasambaa, na plastiki ile haitoki milele. Mikono mikavu safi, brashi laini ya rangi kufutia vumbi, basi.

Bahasha za poliesta zikipatikana ni bora, vile vifuko laini vya PVC vinavyonuka plastiki usitumie. Ukikosa, chukua rimu ya karatasi nyeupe za kuprintia zinazosema kwenye pakiti hazina asidi, weka moja kati ya kila kitu na kingine, alafu funga na shuka jeupe la pamba lililofuliwa na kusuuzwa vizuri. Gazeti na boksi la kaki vinachoma karatasi taratibu. Mabango makubwa yalale bila kukunjwa kama una nafasi.

Mimi natumia matranka ya bati, juu ya matofali, sentimita kumi na tano kutoka ukutani, chumba cha katikati ya nyumba. Sio darini, sio jikoni, sio sakafuni. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili ukuta unavuta maji na mchwa anapanda, kwahiyo kila wiki namulika tochi chini ya tranka kuona kama kuna udongo mpya. Kitu kipya kisiingie kwenye tranka moja kwa moja. Kama kina wadudu kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, weka friza wiki mbili, ukitoa usifungue mfuko mpaka kirudi joto la chumba, la sivyo umande utakilowesha. Hii ni kwa karatasi tu, sio picha wala kanda. Ukutani ning'iniza kopi, la kweli libaki gizani.

Kusafirisha toka Dar ni basi, zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, na ofisi za vifurushi hawajui kama ndani kuna karatasi ya 1962. Nunua kipande cha bomba la maji la inchi nne duka la vifaa vya ujenzi na vifuniko viwili, viringisha bango kwenye karatasi safi, ingiza, ziba. Hata likikaliwa na gunia la mchele halibonyei. Likifika litoe siku hiyohiyo, bomba hilo ni PVC, safari tu sio makazi.

Mwisho, andika vitaenda wapi. Daftari langu ukurasa wa kwanza lina jina la mdogo wangu na namba yake, na chini yake nimeandika vipi virudi kwa familia zilizonipa na vipi vipelekwe Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, kama watavipokea. Kila Julai, baridi ikiwa kavu, mke wangu ananisaidia kutoa matranka yote, tunatandika mashuka sebuleni, tunakagua namba moja baada ya nyingine kwenye daftari na kupiga picha upya. Mwaka huu yule bibi wa Sokomatola alikuja pia, akakaa kwenye kochi na vile vipeperushi kumi na moja mapajani, kwenye cha saba akanyamaza, akasema hiki ndio picha tuliloenda wiki tuliyooana. Nikachukua penseli nikaandika.